UZI: "Nilitumwa tu." Kwani ni nani hasa aliwaua Wayahudi milioni 6?

Wadau, mjadala wa siasa ukichemka humu, sentensi mbili hazikosi. Ya kwanza: "Mwacheni afisa wa watu, alikuwa anafuata amri kutoka juu." Ya pili: "Hao wa upande ule wote ni wauaji, tangu babu zao." Wanaosema ya kwanza na wanaosema ya pili hutukanana hadi saa nane usiku, lakini mimi naona wanafanya kazi moja. Wa kwanza anamtoa mtu kwenye kosa alilotenda. Wa pili anamtia mtu kwenye kosa ambalo hakutenda. Wote wawili wanakwepa swali rahisi: fulani, siku ile, saa ile, alifanya nini?

Swali hilo limechimbwa sana, mahakamani na vitabuni, kwa zaidi ya miaka 75 kuhusu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ndiyo maana leo naenda huko badala ya kuanza na yetu. Kwa yetu kila mtu tayari ameshika upande, hasikii.

Sheria ya nyuzi zangu mnaijua: sitaji jina la mwanasiasa wala chama. Leo sheria hiyo inambana hata dikteta wa Ujerumani mwenyewe, na inafaa hivyo. Baada ya vita, mshukiwa baada ya mshukiwa alijificha nyuma ya jina hilo moja. Tukiliondoa tutaona nani amebaki amesimama hapo.

Ukubwa wa jambo kwanza. Kabla ya vita Ulaya ilikuwa na Wayahudi kama milioni 9. Waliouawa ni takriban milioni 6, na karibu milioni 1.5 kati yao walikuwa watoto. Na kabla mtu hajaja kwenye komenti na ile hadithi ati idadi imetiwa chumvi: sehemu kubwa ya hesabu inatoka kwenye karatasi za wauaji wenyewe. Tarehe 29 na 30 Septemba 1941, kwenye bonde la Babi Yar nje ya Kyiv, Wayahudi walipigwa risasi kwa siku mbili mfululizo. Ripoti iliyopelekwa Berlin ilisema 33,771. Hawakukadiria "kama elfu thelathini hivi". Walihesabu hadi yule mmoja wa mwisho.

Mtu mmoja hawezi kuua watu milioni 6. Dikteta hakuendesha treni, hakuandika orodha za majina mtaa kwa mtaa, hakusimama msituni na bunduki. Walifanya watu. Wacha tuwaangalie.

Julai 1942, mji mdogo wa Józefów, Poland. Kikosi cha 101 cha polisi wa akiba kimefika alfajiri kwa malori. Ni wanaume kama 500 kutoka Hamburg, wengi wana miaka thelathini na kitu, arobaini na kitu. Hawa si makomando. Ni wafanyakazi wa bandarini, madereva wa malori, makarani, wauzaji. Wengi wana wake na watoto nyumbani. Umri wao ni muhimu kwa hoja hii: walikuwa watu wazima kabla ya udikteta kuanza 1933. Hawakulelewa ndani ya propaganda tangu chekechea. Walijua dunia nyingine.

Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, mzee wa miaka 53, anawapanga nusu duara. Sauti inamtetemeka, machozi yanamlenga. Anawaambia kazi ya leo: kuwakusanya Wayahudi wa mji huu, wanaume wanaoweza kufanya kazi watengwe, na waliobaki, yaani wanawake, watoto na wazee, wapigwe risasi. Halafu anaongeza jambo ambalo wengi wetu hatulitarajii kwenye hadithi kama hii. Anasema, kati ya wakubwa kwa umri, yeyote asiyejiona anaweza kazi hii, atoke mbele.

Akatoka mmoja. Kapteni wake akaanza kumfokea, Trapp akamkingia. Kuona hivyo, wakatoka wengine kama 10 au 12. Wakarudisha bunduki zao, wakaambiwa wangoje kazi nyingine. Basi. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyefungwa.

12 hivi kati ya 500.

Kazi ikaanza. Daktari wa kikosi aliwaonyesha pa kulenga shingoni, singe ikitumika kama kielekezo. Kila polisi alipewa mtu wake, wakatembea pamoja hadi msituni ana kwa ana. Rudia hiyo sentensi, manake huko darasani huwa tunasema "mauaji ya kiwandani", tunasahau kwamba mengi yalikuwa hivi: mtu anatembea na mtoto wa mwenzake dakika kadhaa kwenye njia ya msitu, akijua anakompeleka. Kufikia usiku walikuwa wameua kama 1,500. Maiti ziliachwa bila kuzikwa. Kambini wanaume walikunywa pombe waliyopewa, na wengi walishindwa kula.

Trapp mwenyewe hakwenda msituni. Alishinda mjini akilia kama mtoto. Msichana wa miaka kama 10 akatokea mbele yake akivuja damu kichwani, Trapp akamkumbatia na kumwambia yeye ataishi. Huku risasi zinalia kwa amri yake. Nawaachia hiyo. Mimi machozi yake hayanipi shida kuelewa, shida yangu ni kwamba hayakubadilisha chochote.

Tunajua haya yote kwa sababu katika miaka ya 60 waendesha mashtaka wa Hamburg waliwahoji zaidi ya wanaume 200 wa kikosi hicho, na mwanahistoria Christopher Browning akazisoma faili hizo na kuandika kitabu kilichotoka 1992. Sababu walizotoa si zile ungetarajia kwa majitu ya sinema. Wengine walisema hawakuelewa mapema kile walichoambiwa. Wengine walisema hawakutaka kuonekana waoga mbele ya wenzao. Wengine: nisingefanya mimi, angefanya mwingine. Mmoja, fundi wa chuma, alieleza kwamba yeye alichagua kupiga watoto pekee, kwa vile mwenzake alikuwa anampiga mama, na mtoto hawezi kuishi bila mama yake. Alijieleza hivyo kana kwamba ilikuwa huruma.

Sasa lile dai kubwa: "Ningekataa ningeuawa." Mawakili wa utetezi walilitumia kesi baada ya kesi kwa miaka mingi baada ya vita. Walitafuta mfano. Hawakuweza kuthibitisha hata tukio moja ambapo Mjerumani aliyekataa kuwapiga risasi raia wasio na silaha aliadhibiwa vikali hivyo kwa kukataa. Waliokataa walichekwa, walinyimwa vyeo, walipewa zamu mbaya, wengine walihamishwa. Hofu ilikuwepo, sibishi. Lakini sehemu kubwa ilikuwa hofu ya macho ya wenzao.

Na mara ya pili haikuwa ngumu kama ya kwanza. Kikosi hichohicho, kufikia mwisho wa 1943, kilikuwa kimeshiriki kuwapiga risasi Wayahudi wasiopungua 38,000 na kuwapakia 45,000 kwenye treni za kwenda Treblinka. Polisi wa akiba 500.

Tutoke msituni twende ofisini, manake wengi wetu humu tutaishia ofisini.

Tarehe 20 Januari 1942 maafisa 15 walikutana kwenye jumba la kifahari kando ya ziwa Wannsee, Berlin. Kikao kilichukua kama saa moja na nusu. Wanane kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Hawakuenda kuamua kama Wayahudi wauawe, maana wengi walikuwa washauawa tangu kiangazi cha 1941. Walikuwa wanapanga wizara zishirikiane vipi. Mezani palikuwa na orodha ya Wayahudi nchi kwa nchi, jumla milioni 11, hadi wa Uingereza na Uswisi, ambako jeshi lao hata halijafika. Mtu na digrii zake alikaa akapiga hizo hesabu.

Halafu reli. Hii ndiyo iliyonitoa usingizi zaidi ya Józefów. Shirika la reli la Ujerumani liliwatoza nauli watu waliokuwa wanapelekwa kuuawa, na bili ikaenda kwa idara iliyoagiza treni. Daraja la tatu, kwa kila kilomita. Watoto chini ya miaka 10 nusu nauli, chini ya miaka 4 bure. Kundi likifika watu 400, punguzo. Tiketi ya kwenda tu. Walinzi ndio walilipiwa kwenda na kurudi. Abiria wenyewe walikuwa kwenye mabehewa ya mizigo, bila maji. Yule karani aliyejaza fomu za punguzo hakumgusa mtu. Pengine alitoka kazini saa kumi na moja akaenda nyumbani. Lakini aliona kwamba elfu moja wameenda na hakuna anayerudi, wiki baada ya wiki.

Bingwa wa ratiba hizo alikuwa Adolf Eichmann, Luteni Kanali. Mwaka 1944, katika muda usiofika wiki nane, Wayahudi kama 437,000 walitolewa Hungary, wengi wakaenda Auschwitz. Alikamatwa Argentina 1960, akashtakiwa Jerusalem 1961, akanyongwa 1962. Utetezi wake mnaujua hata kama hamjausoma: mimi nilikuwa gurudumu dogo kwenye mashine, nilitii. Hannah Arendt alihudhuria sehemu ya kesi akaandika kwamba uovu unaweza kufanywa na mtu wa kawaida kabisa ambaye ameacha kufikiri. Wanafunzi wa siasa tunapenda sana wazo hilo, linatufanya tuonekane wenye kina. Mimi naona ni kweli kwa karani wa reli kuliko kwa Eichmann. Huko Argentina, kabla ya kukamatwa, alirekodiwa akizungumza na mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mwenzake wa SS, na hapo hakujifanya gurudumu. Alisema masikitiko yake ni kwamba kazi haikukamilika. Kumbe "nilitumwa tu" ilikuwa nguo ya kuvaa mbele ya hakimu.

Chini zaidi kuna majirani. Aprili 1933 sheria iliwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa umma. Wakati huo walikuwa chini ya asilimia 1 ya watu wa Ujerumani. Kila kiti kilichoachwa wazi chuoni, mahakamani au hospitalini kilikaliwa na mtu mwingine, aliyefurahia mshahara. Baadaye, treni zilipoanza kuondoka 1941, vyombo vya waliochukuliwa viliuzwa kwa mnada hadharani: meza, mashuka, mashine za kushonea, nguo za watoto. Hamburg, mji uleule wa kina Trapp, watu wa kawaida walipanga foleni kununua kwa bei ya kutupa. Mama aliyenunua kabati hakuua mtu. Lakini alijua si zawadi ya mjomba.

Sasa hapo ndipo mtu anaruka: "Si nilisema? Wajerumani wote!"

La. Na nakataa kwa sababu nzito kuliko heshima. Kumhukumu mtu kwa damu yake badala ya tendo lake ndiyo hoja yenyewe iliyowaua Wayahudi. Mtoto wa miaka 3 pale Józefów alikuwa na hatia ya kuzaliwa. Ukisema kila Mjerumani ana hatia kwa sababu ni Mjerumani, umechukua kipimo kilekile ukabadilisha jina tu.

Halafu hesabu yenyewe haikubali. Anton Schmid, sajini kutoka Austria katika jeshi la Ujerumani, aliwaficha na kuwasafirisha Wayahudi mamia kutoka Vilnius hadi alipokamatwa na kuuawa Aprili 1942. Huyu kweli aliuawa, kwa kuokoa, si kwa kukataa kupiga risasi, msichanganye. Georg Duckwitz, mwanadiplomasia wa Ujerumani pale Copenhagen, alivujisha tarehe ya msako mwaka 1943. Wadenmark wakawavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 hadi Uswidi kwa mashua za wavuvi. Bulgaria, nchi iliyokuwa upande wa Ujerumani, naibu spika wa bunge alikusanya sahihi za wabunge wenzake, kanisa likapiga kelele, na Wayahudi kama 48,000 wa nchi hiyo hawakupakiwa. Lakini serikali hiyohiyo iliwatoa zaidi ya 11,000 kutoka maeneo iliyoyakalia ya Thrace na Macedonia. Taifa moja, mwaka mmoja, pande zote mbili za leja.

Aliyenisaidia zaidi kupanga haya kichwani ni Karl Jaspers, mwanafalsafa Mjerumani. Alifukuzwa kazi Heidelberg 1937, mkewe alikuwa Myahudi, na walinusurika vitani humo humo Ujerumani. Mwaka 1946 alichapisha kitabu kidogo juu ya hatia, akaigawa mara nne. Ya kwanza ni ya jinai: hii ni ya mtu binafsi, na hakimu wake ni mahakama. Kuna ya kisiasa: raia wote wanabeba gharama ya kilichofanywa kwa jina la dola yao, hata waliopinga. Ndiyo maana mwaka 1952 Ujerumani Magharibi ilikubali kuilipa Israeli marki bilioni 3, pesa zilizotoka kwa walipa kodi ambao wengi hawakuwahi kushika bunduki. Kulipa si kukiri kwamba wewe ni muuaji. Ya tatu ni ya kimaadili, ya yule mama na kabati lake: hakuna korti itakayomwita, inabaki yeye na dhamiri yake na wale wanaomjua vizuri. Ya nne Jaspers aliiweka juu ya sheria zote, ile ya kubaki hai wakati mwenzako anachukuliwa mbele ya macho yako. Hiyo sina uhakika kama nakubaliana nayo.

Ukiwa na vikapu hivyo vinne, mabishano mengi ya humu yanapoa. Mtu akisema "jamii ile ilipe", muulize anaongelea kikapu gani. Asipojua, anataka damu tu.

Kwa wapenda sheria. Mkataba wa London wa Agosti 1945, ulioanzisha mahakama ya Nuremberg, ulisema amri ya mkubwa haikuondolei kosa, ingawa inaweza kukupunguzia adhabu. Pale Nuremberg hukumu zilitoka mtu kwa mtu: 12 kifo, 7 kifungo, na 3 wakaachiliwa. Hao watatu ni muhimu, wanaonyesha haikuwa kesi ya kuhukumu kundi zima kwa mpigo. Mkataba wa Roma, ambao Kenya iliuridhia 2005, unasema amri ya kufanya mauaji ya kimbari ni haramu waziwazi, usije kusema hukujua. Na hapa nyumbani, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Kwa hiyo hiyo "amri kutoka juu" mnayoitetea humu haina makao hata kwenye sheria yetu wenyewe.

Majirani zetu wa Arusha waliandaa mahakama iliyotoa hukumu ya kwanza ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, Septemba 1998. Mshtakiwa alikuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, Rwanda. Wiki za mwanzo za Aprili 1994 alizuia mauaji kwake. Baada ya mkutano na wakubwa tarehe 18, aligeuka. Mtu yuleyule. Hizo siku za kwanza ndizo zilizommaliza, maana zilionyesha alikuwa anaweza.

Na watakaokimbilia Gaza kwenye komenti: huo ni mjadala halali na unastahili uzi wake. Yaliyotokea 1942 hayafutwi na kitendo cha serikali yoyote leo, na hayaipi serikali yoyote leo leseni.

Turudi kwa Kikosi cha 101 nimalize. Trapp alipelekwa Poland akanyongwa Desemba 1948, lakini kesi yake ilihusu hasa Wapoland 78 waliouawa kulipiza kisasi, si Wayahudi wa Józefów. Wengine walirudi Hamburg, baadhi yao wakaendelea na kazi ya polisi. Kesi yao ilianza 1967. Waliofikishwa kortini ni 14. Kifungo kirefu zaidi kilikuwa miaka 8, na rufaa zikapunguza vingine.

Miongoni mwa waliohojiwa alikuwamo luteni mmoja wa akiba ambaye usiku wa kuamkia Józefów, aliposikia kinachokuja, alisema mapema kwamba yeye hatawapiga risasi wanawake na watoto wasio na ulinzi, apewe kazi nyingine. Akapewa kusindikiza wale waliotengwa. Baadaye akaomba uhamisho, akarudishwa Hamburg. Waliomhoji walitaka kujua yeye aliwezaje na makapteni hawakuweza. Alisema alikuwa na umri mkubwa zaidi, ana biashara yake ya mbao nyumbani, hakuhitaji kupandishwa cheo polisi. Makapteni walikuwa vijana wa kazi, walitaka kufika mbali.

Maswali yaje. Wa matusi najua mtakuja tu.